Bi Prufu Afundisha Simu Kusema Ng'ombe

Bi Prufu alikuwa anaigombeza simu kama mtu anayemgombeza mgeni aliyeingia ndani na viatu vyenye tope.

"Rudia hapo! Umesema nini?"

Simu, iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai, ikarudia bila haya: "Mzee alikuwa na ngi, ombe, wake wawili."

"Ngi ombe ndiyo nini? Na hao wake wawili wametoka wapi? Ni ng'ombe wake wawili! Mzee wa watu ameozeshwa na simu!"

Mwanawe, fundi wa lifti, alicheka mpaka chai ikampalia. Mkewe hakucheka. Kichekesho alikiona, lakini alikuwa bado anamwogopa mama mkwe wake. Kabla ya harusi, alipompelekea kadi ya mwaliko, mama huyo aliiinamia na kioo chake cha kukuzia, kisha akairudisha imejaa wino mwekundu. "Karibu sana katika ukoo wetu, mwanangu," alimwambia. "Ila 'tunawaalika' ina a mbili baada ya w." Tangu siku hiyo mkamwana hakuthubutu kumwandikia hata ujumbe wa kununua nyanya kabla ya kuusoma na kuurudia.

Jina la Bi Prufu alilipata kwenye kiwanda cha uchapaji, alikofanya kazi ya kusoma prufu, yaani kurasa za vitabu kabla hazijachapwa. Nukta iliyopotea aliiona kama mwenzako anavyoona chumvi iliyozidi. Alipostaafu alijiwekea rafu nzima ya riwaya azisome kwa raha zake. Hakuzifaidi. Presha ya macho ilianza kumnyang'anya kurasa pembeni, ikaingia katikati, na sasa alichobaki nacho ni mwanga wa dirisha na vivuli vya watu. Mwanawe akamwekea kwenye simu riwaya zilezile, na programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Ilikuwa nyepesi, haikuhitaji intaneti, na ilidai kujua Kiswahili.

"Inadai," alisema Bi Prufu. Akaizima simu, akaifungia kwenye droo ya vijiko. "Bora nisisome kabisa kuliko kusomewa na huyu."

Meza ilipoa. Mkamwana alitazama mikono ya mama mkwe wake ikipapasa kitambaa cha meza, haina cha kushika. Yeye kazi yake ilikuwa kuandika programu za kuendesha maghala ya dawa: katoni ngapi zimeingia, ngapi zimetoka. Aliijua programu ile ya kusoma kwa jina tu. Alijua pia jambo moja kuihusu, akapiga moyo konde, akalisema.

"Mama, ile programu ni huria."

"Huria ndiyo inayoharibu?"

"Hapana, mama. Maana yake haijafichwa. Walioitengeneza wameweka maandishi yake yote wazi, kila mtu duniani anaweza kuyasoma. Ukiona kosa, unalirekebisha, unawapelekea. Wakikubali, linaingia kwenye simu za watu wote wanaoitumia."

Bi Prufu aligeuza uso wake kuelekea ilikotoka sauti. "Subiri. Yaani prufu ziko wazi?"

"Ziko wazi."

"Na mtu yeyote anaruhusiwa kusahihisha?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe kazi yako ndiyo hiyohiyo ya kompyuta?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa umekaa hapo unakunywa chai ya nini?"

Mkamwana aliinuka akakimbilia kompyuta yake. Fundi wa lifti alikusanya vikombe akinung'unika kwamba katika nyumba hii yeye ndiye mkwe.

Kuyapata maandishi ya programu hakukuchukua muda. Kazi ilikuwa kupata chumba cha Kiswahili ndani ya jumba lile, maana kulikuwa na lugha nyingi kiasi cha kizunguzungu, kila moja na faili lake la kanuni: herufi hii ikifuatwa na ile, toa sauti fulani. Mkamwana alikuwa hajawahi kuingia humo. Kazini aliandika programu za kampuni, zinakaa kwenye kompyuta za kampuni, basi. Humu aliona majina ya wageni waliorekebisha jambo moja tu, wengine koma moja, wakaondoka.

"Nimelipata, mama. Faili la Kiswahili. Ni fupi sana."

"Soma."

"Juu kabisa kuna maneno ya aliyeliandika. Anasema..." Akayapitia tena ili ayatafsiri vizuri. "Anasema: mimi sijui lugha hii. Nimefuata kitabu kimoja cha sarufi nilichokipata maktaba. Lazima nimekosea mengi. Ukiwa wewe ndiye mwenye lugha, tafadhali nisaidie."

Bi Prufu aliketi wima. Kwa miezi yote hiyo aliyokuwa akiitukana simu, hakuwahi kuwaza kwamba upande wa pili kuna mtu.

"Ameandika lini?"

"Zamani, mama. Mimi nilikuwa shule ya msingi."

"Na hakuna aliyemjibu?"

"Hakuna."

"Masikini ya Mungu," alisema Bi Prufu. "Mtu anaomba asahihishwe miaka yote hiyo, na mimi niko hapa nafungia watu kwenye droo. Itoe hiyo simu."

Kuanzia hapo Jumamosi zao zikawa na shughuli. Mkamwana alikaa na kompyuta, Bi Prufu na simu sikioni, na baina yao sahani ya karanga. Bi Prufu alitaja neno, simu ikalitamka, akatoa hukumu. "Mtu" lilitamkwa "emutu". "Mbwa" likamezwa likabaki "bwa". "Nchi" ikapoteza kichwa.

"Mwambie hiyo m ya mbwa isimame yenyewe, ndiyo inayobeba mkazo. M-bwa. Na n ya nchi vivyo hivyo. N-chi. N-ge. N-ta."

Mkamwana aliandika kanuni, akaunda programu upya, akaiingiza kwenye simu. Alijaribu kurahisisha mambo kwa kuiomba akili bandia, ile ambayo kazini kila mtu alikuwa anaitumia, imwandikie kanuni za m. Ikamwandikia upesi, kwa kujiamini, na maelezo marefu. Walipozijaribu, simu ikasema "mama" kama mbuzi aliyeshikwa na kwikwi. Bi Prufu alicheka mpaka akavua miwani yake myeusi kufuta machozi.

"Nani aliyeandika hii?"

"Mashine, mama."

"Ina adabu?"

"Ina adabu sana. Hata ikikosea inaomba radhi."

"Basi iache ijifunze. Andika wewe."

Lakini ng'ombe alikataa. Mkamwana alikuta kanuni ya ng' imo tayari, tena sahihi kabisa. Aliandika "ng'ombe" kwa mkono wake, simu ikalisema vizuri kama mchungaji. Wakafungua riwaya, ukurasa uleule: "ngi, ombe".

"Neno lilelile!" alisema mkamwana, ameshika kichwa. "Programu ileile, simu ileile! Kwako inasema hivi, kwangu inasema vile!"

"Mume wako akinitumia ujumbe inasema vizuri," alisema Bi Prufu polepole. "Nilisikia. Ng'ombe, ng'ambo, vyote sawasawa. Ni vitabuni tu ndipo inapochanganyikiwa."

"Ujumbe na kitabu kuna tofauti gani? Herufi ni zilezile."

Bi Prufu aliacha kutafuna. Vidole vyake vilichora kitu hewani, kitu kidogo mno.

"Mwanangu. Hiyo alama ya juu, kwenye kitabu, imesimama wima au imepinda?"

"Alama gani?"

"Ya ng'ombe! Kile kimstari. Kiwandani tulikuwa na mbili. Ya taipureta ilisimama wima kama msumari. Ya chapa ilipinda kama ukucha. Mswada ukija na msumari, tulitia ukucha, ndipo kitabu kipendeze. Nimebadilisha misumari mimi mpaka mkono ukafa ganzi."

Mkamwana aliusogeza uso wake kwenye kioo cha kompyuta. Akakuza maandishi, akakuza tena, mpaka neno moja likajaa kioo chote. Imepinda. Akatazama neno aliloandika yeye. Imesimama wima. Macho yalimtoka. Kwa jicho la mtu, alama zile zilikuwa kitu kimoja. Kwa kompyuta zilikuwa vitu viwili vya mbali, kama a na z. Programu iliujua msumari. Ukucha haikuwahi kuusikia maisha yake yote.

"Mama!" Alisahau woga, alisahau heshima, akamshika mama mkwe wake mabega akamtikisa. "Mama, ni ukucha! Ni ukucha, mama!"

Fundi wa lifti alitoka bafuni mbio, nusu ya uso ni povu. "Nani ameumia?"

"Hakuna aliyeumia, rudi ukanyoe!" alisema Bi Prufu, naye kasimama, kamshika mkamwana viwiko, na wote wawili wanarukaruka kama watoto waliofunga bao.

Mstari mmoja ulitosha: ukiuona ukucha, uhesabu kuwa ni msumari. Mkamwana aliuandika mstari ule kwenye faili la pamoja linalotumiwa na lugha zote, akaunda programu upya. Simu ikasoma: "Mzee alikuwa na ng'ombe wake wawili." Bi Prufu alifumba macho. "Ng'ombe wake," alisema. "Hatimaye mzee amebaki na mke mmoja."

Sasa ikabaki kupeleka. Mkamwana alikusanya mabadiliko yote, ya m, ya n na ya ukucha, akaandika maelezo kwa Kiingereza, akayasoma na kuyarudia. Kidole kilikuwa juu ya kitufe hakishuki. Programu za ghala zilionwa na bosi na wenzake tu. Hii ingeonwa na dunia, na jina lake juu.

"Umeshabonyeza?" aliuliza Bi Prufu.

"Bado, mama. Naogopa nisije nikachekwa."

"Na mimi nilikuogopesha kwa ile kadi yako, eti?"

Mkamwana alichukua karanga moja, akaimenya.

"Ile kadi ilikuwa nzuri," alisema Bi Prufu. "Kitu kibaya mimi sikisahihishi, nakitupa. Bonyeza."

Akabonyeza.

Mradi ulikuwa na mashine ya kupima: kila mtu akileta mabadiliko, inajaribu lugha zote moja baada ya nyingine, neno kwa neno, kuona kama kuna kilichovunjika. Taa za kijani zikaanza kujipanga. Kijani, kijani, kijani. Mkamwana alikuwa anazisoma kwa sauti, Bi Prufu anaitikia kama mtu anayefuatilia mpira redioni. Kisha nyekundu. Nyekundu nyingine. Nyekundu mfululizo.

"Nini? Mbona umenyamaza?"

"Nimevunja lugha ya watu, mama. Kuna lugha nyingine huko, ule ukucha kwao una kazi nyingine. Mimi nimeugeuza msumari kwa dunia nzima. Sasa programu haiwezi kuisoma hata neno."

Alifunga kompyuta. Aliona kabisa watu wa nchi asizozijua wamekusanyika kumcheka, huyu mtu wa maghala aliyekuja kuharibu.

Bi Prufu alipapasa mpaka akaufikia mkono wake. "Kitabu kimeshachapwa?"

"Hapana. Haiingii mpaka wakubali."

"Basi hakuna kilichovunjika. Mwanangu, mimi nimeishi na wino mwekundu miaka yangu yote ya kazi. Rangi nyekundu maana yake kuna mtu amesoma. Ile karatasi inayorudi nyeupe kabisa ndiyo ya kuogopa, maana hakuna aliyeitazama. Fungua hiyo mashine."

Kulikuwa na ujumbe tayari. Umetoka kwa msimamizi wa mradi, aliyejiita Panzi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, na hilo peke yake likamtuliza mkamwana moyo. Panzi aliandika kwamba amesimama katikati ya jikoni anapiga makofi. Kwamba yeye ndiye aliyeliandika faili la Kiswahili akiwa mwanafunzi, na amekuwa akiona haya nalo tangu wakati huo. Kuhusu nyekundu, asijali. Yeye mwenyewe aliwahi kuvunja lugha zote kwa mpigo, siku ya uchumba wake. Uondoe tu ule mstari kwenye faili la pamoja, uuweke kwenye faili la Kiswahili peke yake. Mwisho akauliza: huyo mama aliyetajwa kwenye maelezo, aliyegundua ukucha, anaweza kuwatungia sentensi za majaribio? Sentensi ngumu. Mashine ingezipima kila mara mtu yeyote anapogusa programu, ili Kiswahili kisivunjwe tena.

"Sentensi ngumu," alirudia Bi Prufu, na tabasamu likamjia ambalo wachapaji wa zamani wangelitambua na kujificha. "Yaani nitege mitego?"

"Utege, mama."

Alitega wiki nzima. Alitega akimenya viazi, alitega akisukwa nywele. Jirani aliyekuja kumjulia hali alikuta anasema peke yake, "Nge wa nchi ya ng'ambo alimng'ata mbwa mwenye mba," akarudi kumuuliza fundi wa lifti kama mama yuko salama. Mkamwana aliandika kila mtego kama ulivyotoka. Mmoja tu ndio uliowagombanisha.

"Alitengeneza barabara barabara," alisema Bi Prufu. "Ya kwanza ya kupita magari, ya pili ya sawasawa. Mkazo si mmoja. Haya, aisome."

"Mama, hiyo haiwezekani. Kwa maandishi ni neno moja. Programu itajuaje?"

"Mimi najuaje?"

"Wewe unaelewa maana. Hii haielewi chochote, inatamka tu."

"Basi aelewe!"

Walibishana mpaka karanga zikaisha. Siku hiyo mkamwana hakurudi nyuma hata hatua, na Bi Prufu, ambaye hakuzoea kubishiwa, alijikuta anafurahia. Mwisho mtego ule uliwekwa kando na maneno haya: umeshindikana kwa sasa. Kwenye simu, barabara zote zikabaki za kupita magari.

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, mkamwana aliupeleka upya ule mzigo akiwa ofisini, bakuli la wali likimpolea pembeni. Taa zikaanza. Kijani, kijani. Aliweka kijiko chini. Ilipofika lugha ile aliyoivunja, alifunika macho kwa viganja, akachungulia kwa kati ya vidole. Kijani. Kiswahili, na mitego yote ya Bi Prufu: kijani, kijani, kijani. Na chini kabisa neno la Panzi: imekubaliwa, imeingia.

Ukelele alioupiga uliwasimamisha watu hadi idara ya uhasibu. Bosi alitoka na simu mkononi akidhani ghala limeungua.

"Imeingia!" mkamwana alimwambia, akiwa amesimama juu ya kiti asijue amefikaje. "Imeingia, bosi! Dunia nzima!"

"Nini imeingia?"

"Ng'ombe!"

Bosi alimtazama, akatazama wenzake, akaamua kwamba jibu hilo linatosha.

Toleo jipya lilitoka baada ya majuma machache. Siku hiyo sebule ilijaa kana kwamba kuna posa. Fundi wa lifti alirudi mapema, jirani akaja na mume wake, na mkamwana akaibonyeza simu isasishwe. Mstari wa kupakua ulisogea kwa madaha. Bi Prufu alikuwa amevaa gauni lake la sherehe na hereni.

"Tayari, mama. Ukurasa wa kwanza."

Simu ikaanza kusoma. Ilikuwa bado sauti ya mashine, kavu kidogo, lakini ilishika mkazo mahali pake, m ikasimama, n ikabeba kichwa chake. Ng'ombe akapita, ng'ambo ikapita, mtu akawa mtu. Ukurasa ukaisha, ukaingia wa pili. Watu wakaanza kutazamana, wanangoja aseme neno. Fundi wa lifti akakohoa.

"Mama, vipi?"

"Shh!" alisema Bi Prufu. "Ndiyo kwanza msichana anafungua mlango. Nendeni mkale huko."

Wakaenda kula. Kutoka jikoni waliisikia sauti ikiendelea, na mara mojamoja Bi Prufu akiguna, akicheka, akimwonya mtu wa kitabuni asiingie nyumba ile. Mkamwana alisimama kwenye ukuta kati ya jikoni na sebule, sahani mkononi, bila kula, anasikiliza tu. Mumewe akamkuta pale, akamwekea mkono begani.

Ujumbe ulianza kuja. Mwalimu mmoja asiyeona aliandika kwamba wanafunzi wake, wasioona kama yeye, wamemaliza kitabu kizima bila kuomba kusomewa. Mwanamke mwingine alisema baba yake amekuwa akizungumza na simu siku nzima kama na rafiki. Kila ujumbe mkamwana alimsomea Bi Prufu, na kila mara Bi Prufu alitaka urudiwe. Kisha Panzi akaandika tena. Kila lugha katika mradi ina mlinzi wake, alisema, ila Kiswahili. Wangekubali, wote wawili, kuwa walinzi? Mtu yeyote akileta mabadiliko ya Kiswahili, yapite kwanza kwao.

"Kwetu?" aliuliza Bi Prufu. "Yaani mimi nimerudishwa kazini?"

"Umerudishwa, mama."

"Mwambie tumekubali kabla hajabadili mawazo."

Wa kwanza alikuja siku zilezile: kijana wa chuo, nchi nyingine kabisa, anataka simu ijue kusoma tarehe na saa. Mkamwana aliyapakia mabadiliko yake, Bi Prufu akaweka simu sikioni, akasikiliza tarehe moja, ya pili, ya tatu, kisha saa. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, vidole vinapiga goti.

"Amefanya kazi nzuri huyu mtoto," alisema. "Tena nzuri sana. Mwandikie. Mwambie karibu, mwanangu, tumefurahi umekuja."

Mkamwana aliandika. "Basi?"

"Basi vipi? Sasa mwambie "saa saba asubuhi" amekosea, ni saa moja."